Upau Usioanzia Sifuri: Uhakiki wa Grafu Zinazochorwa kwa Python

Tangu William Playfair alipochapisha grafu ya pau mwaka 1786, kinacholinganishwa ndani yake ni urefu. Maktaba ya Matplotlib huzingatia kanuni hiyo: amri plt.bar husimamisha kila upau juu ya sifuri. Kasoro huingia pale mtafiti anapoongeza plt.ylim(50, 60) ili tofauti ionekane. Alama 58 inaizidi 52 kwa takribani asilimia 12 tu. Lakini upau wake sasa huonekana mrefu mara nne. Takwimu ni sahihi, ila mchoro unapotosha. Kwa hiyo, dai kwamba mstari huo wa msimbo ni pambo tu halina mashiko. Anayetaka kubainisha tofauti ndogo na atumie nukta, kwani nukta husomwa kwa mahali ilipo, si kwa urefu.