Ngome Badala ya Malkia

Kwenye ubao wa sataranji, Nyeupe ana mfalme b6 na askari c6, miraba miwili tu kabla ya kufika mwisho wa ubao. Nyeusi ana mfalme wake kwenye kona ya a1, na ngome d5. Kete nne basi. Ungedhani hapa hakuna la kuchambua, na wajuzi wa Uingereza walidhani hivyo zaidi ya mara moja.

Mwaka 1875 wachezaji wawili, Fenton na Potter, walifika kwenye mwisho wa aina hii, wakakubaliana sare. Mchezaji mwingine, Johannes Zukertort, akaonyesha baadaye kwamba Fenton alikuwa na ushindi mkononi. Mwaka 1895 Potter alifariki, na Barbier, aliyeandika safu ya sataranji katika gazeti moja la Glasgow, akaurudia mchezo ule kwa kumbukumbu, tena kumbukumbu yenyewe haikuwa kamili. Hatimaye akamhamishia mfalme mweusi a1 na kutangaza kwamba Nyeusi anaponea kwa sare.

Hesabu yake haikuwa ya ovyo. Askari akiwa amefika c7, ngome inamtisha mfalme kutoka d6. Mfalme akikimbilia c5 amekwisha kuharibu: ngome inashuka d1, na askari akigeuka malkia, ngome inapiga kutoka c1, mfalme anakwepa, malkia aliye nyuma yake analiwa. Kwa hiyo mfalme anashuka mstari wa b, b5, b4, b3, ngome ikimfuata hatua kwa hatua, mpaka anaingia c2 na kuifunga njia ya c1. Sasa ngome inakwenda d4, na hapo ndipo Barbier alipoona wokovu. Askari akiwa malkia, ngome inajitoa mhanga c4. Malkia hana budi kuila, na mfalme mweusi anabaki hatishwi na yeyote lakini hana pa kukanyaga. Sare.

Mtego mzuri sana. Mimi ningeridhika nao, nikafunga ubao nikalale.

Fernando Saavedra, padri Mhispania aliyekuwa akiishi Glasgow, hakuridhika. Askari akifika mwisho, mkono wa kila mchezaji unamwendea malkia bila kuuliza. Padri akachukua ngome. Kete dhaifu zaidi, na ndiyo dawa yenyewe: ikila c4, haizibi a2, kwa hiyo mfalme mweusi bado ana pa kwenda na hakuna sare. Wakati huohuo inatishia kumwangamiza kutoka a8. Nyeusi analazimika kuizuia kwa kuweka ngome yake a4. Mfalme mweupe anapiga hatua moja tu, b3. Hatua hiyo inaishambulia ngome iliyo a4, na pia inaufungua mstari wa c ili ngome nyeupe ishuke c1 na kummaliza mfalme konani. Mambo mawili kwa mpigo, na Nyeusi ana zamu moja.

Ninachokistahi si wepesi wa jicho lake. Swali lilikuwa limeshajibiwa, tena gazetini, na yeye akarudi kulichokonoa kwenye hatua ambayo wengine waliipita kwa mazoea. Barbier naye anastahili heshima yake: aliyachapisha masahihisho katika safu yake mwenyewe, mwezi Mei mwaka huohuo. Hata hivyo fumbo linaitwa la Saavedra, mtu ambaye hana kazi nyingine mashuhuri katika sataranji.