Gari la Nagasena: Uhakiki wa Hoja ya Kutokuwa na Nafsi katika Milindapañha

Ni michache mifano ya falsafa ya Kibuddha inayotajwa mara nyingi kama ule wa gari la farasi katika Milindapañha, maandishi ya Kipali yanayosimulia mazungumzo ya mtawa Nagasena na Mfalme Milinda. Wanahistoria humtambua mfalme huyo kuwa Menandros, mtawala mwenye asili ya Kiyunani aliyeishi kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Kwa kawaida mfano huo hutajwa peke yake, ukiwa umetengwa na swali lililouzaa, na hapo ndipo hoja inapoonekana nyepesi kuliko ilivyo.

Mtawa anaanza kwa kudai kwamba Nagasena ni jina tu; nyuma yake hapatikani mtu wa kudumu. Mfalme anashtuka. Ikiwa hakuna mtu, ni nani anayepokea mavazi na chakula cha sadaka? Ni nani anayeshika maadili, na ni nani anayeua? Hili ni swali la uwajibikaji, na limetoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kuhukumu. Nagasena halijibu moja kwa moja. Anahoji kuhusu gari lililomleta mfalme: je, gari ni mhimili? Ni magurudumu? Ni nira, au hatamu? Ni vyote kwa pamoja, au ni kitu kingine nje ya hivyo? Milinda anakana yote, kisha anakiri kwamba “gari” ni jina linalotolewa kwa kutegemea sehemu hizo. Ndivyo ilivyo, anaambiwa, kwa mtu na mafungu yake matano: umbo, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia na fahamu.

Mfalme amesalimu amri mapema mno. Angeweza kujibu kwamba gari ni sehemu hizo zikiwa zimeunganishwa kwa mpangilio wake, kwani lundo la magurudumu na hatamu halimfikishi mtu popote. Wabuddha wenyewe waliliona pengo hili. Katika karne ya 7 Chandrakirti aliurudia mfano, akapima pia mkusanyiko wa sehemu na umbo lake, akajaribu kuonyesha kwamba navyo havisimami vyenyewe. Wafuasi wa Pudgalavada, kwa upande wao, walishikilia kwamba mtu si sawa na mafungu wala si tofauti nayo. Wasiwasi wa Milinda, basi, haukuwa wa mgeni asiyeelewa.

Isitoshe, gari haliumii wala haliahidi. Jibu lenye uzito linapatikana katika sura inayofuata, ambayo wanukuzi wengi hawaifikii. Mwali wa taa wa zamu ya kwanza ya usiku si ule wa zamu ya mwisho, lakini taa ni ileile. Mwizi wa maembe naye anajitetea kwamba hayo aliyoyachuma siyo yaliyopandwa na mwenye shamba. Mfalme mwenyewe anamtia hatiani, kwa kuwa maembe hayo yametokana na yale. Hukumu inasimama juu ya mfululizo wa sababu, bila kuhitaji kiini kisichobadilika.

Kwa watafsiri na waandaaji wa mitaala ya Kiswahili, tofauti hii inategemea neno litakalochaguliwa. “Roho” ni kitu kinachomtoka mtu anapofariki. Kuikana ni kuanzisha ugomvi na Waislamu na Wakristo ambao Nagasena hakuukusudia. “Nafsi” inafaa zaidi, ingawa ina pande mbili. Kwa upande mmoja ni dhati ya mtu. Kwa upande wa sarufi, nafsi ya kwanza ni nafasi ya msemaji tu: anayeishika sasa humwachia mwenzake anapojibu, na hakuna mwanasarufi anayetafuta kitu nyuma yake. Maana hii ya pili mtawa angeikubali bila shida. Tafsiri itakayosema “hakuna nafsi” bila maelezo itamfanya akane hata msemaji. Itakayosema “hakuna kiini cha kudumu” itambakiza mwizi wa maembe kizimbani.