Warsha ya Siku Tatu Japani: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?



Kuna jambo limenikaa kooni, naomba nilitoe. Linahusu wasanii wanaozunguka duniani kufundisha vijana kuimba na kucheza kwa siku chache, halafu hao, wanaondoka. Mfano ninaoufuatilia ni wa The Young Americans, kikundi kilichoanzishwa California mwaka 1962 na Milton Anderson. Mwaka 1992 kilianza kuendesha warsha mashuleni, na mwaka 2006 kikaingia Japani.

Utaratibu wao huko ulikuwa hivi. Vijana, wengi wa umri wa chuo, wanafika mjini, wanalala katika familia za wenyeji, na kwa siku tatu wanafundisha watoto wa shule, kuanzia wa msingi hadi sekondari. Hakuna usaili, hakuna anayekataliwa. Siku ya tatu ni onyesho: kwanza wageni peke yao, kisha watoto pamoja nao. Wazazi wanatoa machozi.

Sitaki kuwakejeli. Mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya wenzake akisimama kwenye kipaza sauti baada ya siku mbili tu, si jambo dogo. Ila mimi kazi yangu ni kufundisha sanaa za maonyesho, siwezi kuishia kwenye machozi ya wazazi. Nyimbo ni za Kimarekani, miondoko ni ya Broadway. Na nyuma ya pazia naona dhana kwamba mtoto wa Kijapani amefungwa, anamsubiri Mmarekani aje amfungue. Hapo nakataa kabisa. Nchi hiyo ina mashindano ya kwaya za shule ya NHK tangu mwaka 1932! Watoto wa bendi za shule wanapuliza tarumbeta baada ya masomo siku baada ya siku, hata Jumamosi. Huyo hakosi namna ya kujieleza, jamani. Anajieleza ndani ya kundi, na hiyo nayo ni sanaa.

Tazameni kisiwa cha Sado, nyumbani kwa kundi la ngoma la Kodo lililoanza mwaka 1981. Anayetaka kujiunga anakaa miaka miwili kama mwanagenzi: anaamka mapema, anakimbia, analima mpunga, anachonga mwenyewe mikwiro ya kupigia ngoma. Na akimaliza, huenda asichaguliwe. Mwaka 1988 Kodo walianzisha tamasha la Earth Celebration, wakaanza kualika wasanii wa nje. Mgeni anapanda meli hadi kisiwani na kupiga pamoja na wenyeji. Warsha zipo pia, na ni fupi kama zile nyingine, lakini anayejifunza anajua nyuma ya saa ile moja kuna miaka mingapi. Tofauti yenyewe ndiyo hiyo.

Hata marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alipokwenda Japani hakubadili ilimba yake iwe kitu kingine ili wenyeji wapate raha ya haraka. Aliimba Kigogo chake, na Wajapani wakamrekodi kwa makini. Rekodi zile zipo mpaka leo.

Lakini nami mikono yangu si safi. Hapa Marekani kila Februari, mwezi wa historia ya watu weusi, naalikwa shule fulani kuwaonyesha watoto ngoma za kwetu. Dakika hamsini! Nafundisha hatua mbili tatu za sindimba, tena mimi si Mmakonde, wanapiga makofi, napewa cheti. Mwaka jana binti mmoja akanifuata mlangoni: "Nikitaka kuendelea, nifanye nini?" Nilibaki nimeduwaa. Nikamwandikia kwenye karatasi jina la Bagamoyo, kana kwamba mtoto wa miaka kumi na mbili angepanda ndege kesho yake. Tangu siku hiyo nikiona picha za maonyesho yale ya Japani, namtafuta yule atakayeuliza swali hilo wakati wageni wanapakia mizigo kwenye basi.

Wenzetu mliopitia Osaka, ambako Kiswahili kinafundishwa chuo kikuu, huenda mmeziona warsha hizi kwa karibu kuliko mimi. Nisahihisheni. Hasa nataka kujua: siku ya nne inakuwaje?