Robo Inchi Kasoro Uzi

Nililaza safu mbili za kwanza za mfarishi wangu juu ya jamvi, ubavu kwa ubavu, nikaona haziendani. Kila safu ilikuwa na vipande 12 vya kitenge, kila kipande kikiwa na inchi 2 na nusu kila upande, na vyote nilivipima kwa rula moja. Ya kwanza ilikuwa na urefu wa inchi 24 na nusu, kama hesabu ilivyotaka. Ya pili ilikomea inchi 23 na thumuni. Nikaivuta. Pamba huvutika kidogo, lakini ukiiachia inarudi pale pale.

Nikachukua penseli. Safu ya vipande 12 ina mishono 11, na kila mshono hupaswa kula robo inchi ya kila kipande unachokiunga. Katika safu ile ya pili nilikanyaga cherehani kwa haraka, na mshono ukaingia ndani zaidi ya robo inchi kwa nusu thumuni, yaani milimita moja na nusu hivi. Ila mshono mmoja hula pande mbili, wa kulia na wa kushoto, kwa hiyo kila mmoja ulikuwa umemeza thumuni nzima. Thumuni 11 ni inchi moja na thumuni tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni ikisemwa kuhusu akiba, na siku ile niliisikia ikisemwa kuhusu upungufu.

Vipande vyenyewe huwa navipata kwa fundi wa mtaani kwetu, mama mmoja ambaye mabaki ya magauni ya watu huyaweka kwenye kiroba nyuma ya mlango. Nilimpelekea safu zangu mbili. Alizipitisha vidoleni, akasema, “Mwanangu, gauni lina mwili ndani yake. Likibana nalifungulia, likipwaya naliingiza. Hiki chako hakina mwili.” Nililiwaza hilo njia nzima. Mshonaji wa nguo huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono kwa sababu anajua mwenye nguo atanenepa, atajifungua, atakonda. Katika mfarishi wa vipande hakuna wa kumwachia nafasi hiyo. Kila kipande kinapimwa na jirani yake, na kipande kilichopunjwa kinampunja anayefuata.

Ndipo nikajifunza kushona robo inchi kasoro uzi. Kitambaa kikikunjwa juu ya mshono, ule mkunjo nao una unene wake, na uzi una wake. Mshono wa robo inchi kamili, ukishapigwa pasi, unakuwa umekula zaidi ya robo. Kwa hiyo sindano ishuke upana wa uzi mmoja kabla ya robo kufika. Nilibandika utepe wa karatasi juu ya bamba la cherehani ili ukingo wa kitambaa uwe na kitu cha kufuata, kwa sababu jicho linaloangalia sindano inavyopanda na kushuka halioni kitambaa kinavyohama. Kabla ya kuanza kazi yoyote, naunga mikanda mitatu yenye upana wa inchi 1 na nusu, naipiga pasi, kisha naupima ule wa katikati. Ukiwa inchi 1 barabara, naendelea. Usipokuwa, nasogeza utepe na kuunga mingine mitatu.

Lakini cherehani ilibeba lawama ambazo hazikuwa zake zote. Kitenge kipya nilikikata kabla ya kukifua, kikaja kurudi baadaye. Tena nilikata kwa kufuata maua, na maua ya kitenge mara nyingi yamechapwa upande kidogo, hayafuati nyuzi. Mwuza duka anayetia mkasi kidogo ukingoni kisha akakichana kitambaa kwa mikono miwili, kwa sauti ile ninayoipenda mno, huwa anafuata uzi kuliko rula yoyote: mchano hauwezi kupinda. Siku hizi nafua, nachana ukingo mmoja, natia wanga kidogo, ndipo napima kuanzia hapo. Kipande kilichokatwa mshazari huvutika mkononi kama mpira, na hakuna ushonaji wa kukinyoosha.

Na pasi. Nilizoea kuisukuma mbele na nyuma kama ninapopiga shati pasi, kumbe nilikuwa navuta miraba yangu na kuifanya vitu visivyo na jina. Sasa naiweka, nasubiri, nainua. Mishono ya safu moja nailaza kulia, ya safu inayofuata kushoto, ili safu zikikutana kila mkunjo uegemee mwenzake. Nikizitelezesha taratibu kwa kidole nasikia pale zinaposhikana. Hapo natia pini. Nimewahi kufanya hivyo umeme ukiwa umekatika, gizani kabisa, na pembe nne zikakutana.

Nawaheshimu wanaokwenda njia nyingine. Wasidi wa Karnataka, India, ambao wahenga wao walivushwa bahari kutoka Afrika, ikiwemo pwani hii yetu, wanawake wao hushona kwa mkono mfarishi uitwao kawandi. Huanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, kila kiraka kikikunjwa ncha zake na kulazwa juu ya kilichotangulia, mishono midogo ikipita katika tabaka zote. Katika kawandi kiraka kipya hufunika upungufu wa cha kwanza, na kazi hujisahihisha inavyokwenda. Pembeni hutiwa vijiraba vilivyokunjwa, phula, maana yake ua; kawandi isiyo na phula kwao ni kama iko uchi. Ni uzuri mkubwa, na nitajifunza. Ila moyo wangu kwa sasa uko pale pembe nne zinapokutana, mahali padogo kuliko punje ya mtama, ambapo vipande vinne kutoka magauni ya wanawake wanne wasiofahamiana vinagusana bila kimoja kukionea kingine.

Kwa ajili ya pahali hapo nimefumua mishono mingi. Nafumua kwa kukata kila nukta ya tatu au ya nne upande mmoja, kisha navuta uzi wa upande wa pili, unatoka mzima, na kitambaa hakijeruhiki. Mwanzoni jioni ya kufumua ilinihuzunisha. Sasa naihesabu kuwa jioni ya kushona.

Mfarishi ulipofikia safu ya 12 niliurudisha kwa fundi. Hakuutazama uso. Aliugeuza, akautandaza mgongo juu ya meza yake ya kukatia, akapitisha kidole gumba juu ya makutano, moja baada ya jingine, safu kwa safu. Kwenye safu ya tano akasimama, akarudi nyuma kidogo, akabonyeza. Kisha akaendelea.