Mtetemo, Utelezi na Mshiko: Uhakiki wa Istilahi

Istilahi mbaya haidhuru sana inapotaja kitu kimoja peke yake. Madhara yake hudhihirika pale vitu viwili vinapounganishwa. Mfano ulio wazi ni ule wa vioo vilivyoundwa ili kidole kikipita juu yake kihisi ukwaruzo au ulaini usiokuwamo katika kioo chenyewe. Njia mbili zatumika, na katika Kiingereza zote mbili hutajwa kwa jina la mtetemo. Mfasiri akifuata neno kwa neno, msomaji atadhani ya kwamba njia hizo ni za jinsi moja.

Njia ya kwanza, iliyoelezwa na Watanabe na Fukui wa Japani mwaka 1995, hutikisa bamba zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde. Ngozi haiwezi kuhisi mtikiso wa kasi hiyo. Kinachohisiwa ni kupungua kwa msuguano: hewa hubanwa kati ya kidole na bamba, na kidole huteleza. Njia ya pili ilielezwa na Mallinckrodt na wenziwe huko Marekani mwaka 1953. Hapo bamba halitikiswi. Umeme ulio chini ya utando mwembamba usioupitisha hukivuta kidole, na msuguano huzidi.

Basi moja hupunguza, nyingine huongeza. Giraud, Amberg na Lemaire-Semail, wa Lille, Ufaransa, walionyesha mwaka 2013 ya kwamba zote mbili zaweza kutumika katika bamba moja. Maana ya kazi yao yote imo katika kinyume hicho, kwani kidole hupata nafasi pana zaidi baina ya utelezi na ugumu wa kupita. Ikisemwa ya kwamba wameunganisha "mtetemo na mtetemo", maana hiyo yapotea.

Jina la Kiingereza lina sababu yake: nguvu ya umeme hupanda na kushuka, na ngozi inayosogea hutetemeka. Lakini jina hilo lataja jambo linaloipata ngozi, silo linalotendwa na uso.

Kiswahili kina vitenzi vyake. Kwa njia ya kwanza, "utelezesho" wafaa, maana kiambishi cha kutendesha chaonyesha ya kwamba kidole kinatelezeshwa. Kwa ya pili, "kunata" kwavutia, ila kwamkumbusha mtu ulimbo na asali, na hapa kidole hutoka kikavu. Bora "mshiko wa umeme", kama breki inavyosemwa kuwa yashika.

Limebaki neno moja. Kidole kikitulia juu ya kioo hicho, hakihisi lolote, sharti kisogee. Kiswahili chatenga kugusa na kupapasa, na tofauti hiyo ndiyo inayotakiwa hapa. Kioo cha simu ni cha kugusa. Hiki ni kioo cha kupapasa.