Mafundi wa Chukudu

Sisi wa Tabora twaujua mzigo: wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa hadi Bagamoyo. Ndiyo maana nawaheshimu mafundi wa Goma, Kongo, wanaochonga chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, isiyo na pedeli. Fundi huukagua mkaratusi fundo kwa fundo, akiukwepa wenye ufa, kisha huchonga kwa panga na tezo, kipimo kikubwa kikiwa jicho lake. Magurudumu nayo ni ya mbao. Huyavika mpira wa tairi kuukuu, maana mawe ya volkano ya huko hayana huruma. Kwenye ubao hupigilia kipande cha mpira, goti la dereva lisichubuke. Gurudumu likikaa upande, magunia ya viazi na mkaa humshukia mtu mteremkoni. Kwa hiyo fundi hulizungusha tena, akisikiliza.