Herufi Nene za Heaviside

Kitabu cha James Clerk Maxwell juu ya umeme na usumaku, kilichotoka mwaka 1873, chasifiwa kila mahali kwa mawazo yake. Juu ya herufi zake watu hunyamaza. Maxwell alitaka kutenga vekta, yaani kitu chenye ukubwa na mwelekeo, na kiasi cha kawaida kisicho na mwelekeo. Nia ilikuwa njema. Lakini alichagua herufi za Kijerumani za mtindo wa Kigothi, na hapo ndipo msomaji anapotaabika: katika mtindo huo A yafanana mno na U, na B na V. Mwanafunzi asiyeweza kuitaja herufi iliyo mbele yake hawezi kuishika hoja, hata angekuwa na akili ya namna gani.

Oliver Heaviside, ambaye hakupata kusoma chuo kikuu, aliiona kasoro hii akaisema wazi. Yeye alitumia Clarendon, herufi nene ambazo wachapaji wa Uingereza walikuwa nazo tangu 1845. E nene ni vekta. E nyembamba ni ukubwa wa vekta ile ile. Hapa pana busara kuliko inavyodhaniwa. Herufi ni moja, jina ni moja, ila wingi wa wino ndio unaotofautisha. Jicho laona udugu wa vitu viwili kabla akili haijaambiwa. Edwin Wilson, alipoyafanya mafunzo ya Gibbs kuwa kitabu mwaka 1901, alishika njia hiyo, na vitabu vingi vya fizikia vyaishika hata leo.

Hata hivyo, dawa hii ni ya mitamboni. Chaki haina unene. Ubaoni wengine hutia mshale juu ya herufi, wengine mstari wa mawimbi chini yake (ndiyo alama ya msahihishaji ya kumwagiza mchapaji atie herufi nene), na wengine hurudufu mguu wa herufi. Mtindo huu wa mwisho ulitoka ubaoni ukaingia vitabuni: R yenye mguu maradufu ni jamii ya namba halisi. Wako wasioipenda, wakisema kwamba mwenye herufi nene hana haja ya kuiga chaki. Sikubaliani nao. Katika ukurasa ambao R nene tayari ni matriki, R ya namba halisi nayo ikiwa nene, twarudi palepale pa Maxwell, wala msomaji hana pa kushika. Kanuni ya kimataifa ya ISO 80000-2 yaziruhusu zote mbili, na kwa hiyo yamwachia mwandishi kazi ya kuchagua.